Silipi au sijalipa: 不, 没 na mabegi 600 ya shule

Mwenye kisa

Kisa hiki ni cha mwanafunzi wangu wa Kichina, mama mfanyabiashara mwenye fremu Kariakoo. Ameniruhusu nikiandike. Jina lake sitaji, wala la muuzaji wake wa China.

Kwa miaka kadhaa alikuwa akiagiza mabegi kupitia wakala aliyeko Guangzhou. Wakala anaongea na muuzaji, wakala anakagua mzigo, wakala anakata chake. Alikuja kwangu kwa sababu moja tu: aongee na muuzaji mwenyewe, kwa maneno yake. Tulikuwa tunakutana jioni mara mbili kwa wiki, akishafunga duka. Wakati haya yanatokea alikuwa amemaliza maneno ya daraja la pili la HSK, ule mtihani wa Kichina kwa wageni, kwa mfumo wake wa zamani: maneno 150 kwa daraja la kwanza, 300 hadi la pili. Hilo la daraja lina uzito wake hapo mbele.

Kwa asiyejua Kichina, jambo la kwanza ni hili. Sisi tunakanusha ndani ya kitenzi: nalipa, silipi, nililipa, sikulipa. Kitenzi kinavunjwa kichwa, kiuno na wakati mwingine mkia. Kichina hakigusi kitenzi. 付 (fù), yaani kulipa, linabaki vilevile, na mbele yake unaweka neno la kukanusha. Maneno hayo yapo mengi, lakini mazungumzo ya kila siku yanabebwa na matatu: 不 (bù), 没 (méi) na 别 (bié).

Wiki ya pili ya masomo nilimpa kanuni ambayo walimu wengi huitoa, nami nilifundishwa hivyohivyo: 不 ni ya leo na kesho, 没 ni ya jana. Aliiandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la ndani la daftari.

Asubuhi ya ujumbe

Katikati ya Oktoba alikuwa amekubaliana na muuzaji mabegi 600 ya shule, yuan 22 kila moja. Jumla yuan 13,200, na kianzio asilimia 30, yaani yuan 3,960. Shule hufunguliwa Januari na mzigo wa meli unataka mwezi na zaidi, kwa hiyo hapakuwa na siku za kuchezea.

Siku hiyo muuzaji alimwandikia WeChat saa nne asubuhi ya China. Huku kwetu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri:

定金付了吗? (Dìngjīn fù le ma?) Kianzio kimelipwa?

Alikuwa macho, anajiandaa kwa swala. Akafikiri kwa Kiswahili: sijalipa, benki haijafunguliwa. Akaandika bila kufungua daftari, na hilo lilimpa fahari:

我不付定金。银行不开门。(Wǒ bú fù dìngjīn. Yínháng bù kāimén.)

Alichokusudia ni "sijalipa kianzio, benki haijafunguliwa." Alichoandika ni "silipi kianzio, benki haifungui." Muuzaji akauliza tena, kwa uungwana tu:

你不付定金吗? (Nǐ bú fù dìngjīn ma?) Hulipi kianzio?

Akalisoma swali kana kwamba limesema "hujalipa kianzio?" Akajibu:

对,不付。(Duì, bú fù.) Ndiyo, silipi.

Kisha likaja jibu la mwisho:

那这批货我先给别人了。(Nà zhè pī huò wǒ xiān gěi biérén le.) Basi mzigo huu nimeshampa mtu mwingine kwanza.

Hapo ndipo ninapoumia zaidi kila nikirudia kusoma mazungumzo yale. Maneno mengi alikuwa anayajua: 给 ni kupa, 人 ni mtu. Na katikati akaona 别, neno nililomfundisha kuwa ni la kukataza: 别去, usiende, 别说, usiseme. Akaunganisha: "kupa, usi-, watu." Akaelewa kwamba muuzaji anamhakikishia kuwa mzigo hatampa mtu. Akamshukuru: 好的,谢谢。

Akaenda benki akiwa na amani. Fomu ilirudishwa kwa sababu jina la mpokeaji halikulingana na la kwenye ankara, kesho yake akarudi, ikakwama tena kwa jambo dogo, na siku ya tatu pesa zikaenda. Siku zote hizo hakumwandikia muuzaji. Aamini vipi kuwa kuna haraka wakati ameahidiwa kungojewa? Alipotuma picha ya stakabadhi, akajibiwa:

没货了。你不是说不付吗? (Méi huò le. Nǐ bú shì shuō bú fù ma?) Mzigo umekwisha. Si ulisema hulipi?

Jioni ile

Alikuja darasani kabla ya saa yake. "Mwalimu, hebu nisomee. Huyu mtu ameniambia mzigo umekwisha, na juzi aliniahidi hampi mtu." Nilisoma kutoka juu hadi chini mara mbili. Nilimwambia, "Mama, hakukuahidi. Alikuaga." Tukakaa kimya kidogo.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kumpigia wakala wa Guangzhou aingilie kati. Aliikataa mwenyewe, akisema akimrudisha wakala kwa hili hatatoka tena mikononi mwake. Ya pili, kuandika Kiswahili kwenye programu ya kutafsiri na kutuma kitakachotoka. Hiyo niliipinga mimi. Ingeweza kutupa sentensi ya siku ile, lakini muuzaji alikuwa na ujumbe ulioandikwa, "silipi" mara mbili, na hakuna maelezo ya benki wala fomu ambayo yangeufuta. Kwanza ilibidi neno lenyewe lirekebishwe waziwazi. Ya tatu, basi, ilikuwa kuandika wenyewe, na kuanza na kosa kabla ya sababu.

Tuliandika hivi:

对不起,我写错了。我不是不付,是还没付。钱今天已经汇了。
(Duìbuqǐ, wǒ xiě cuò le. Wǒ bú shì bú fù, shì hái méi fù. Qián jīntiān yǐjīng huì le.)

Samahani, niliandika vibaya. Si kwamba silipi, ni kwamba nilikuwa sijalipa bado. Pesa nimeshatuma leo.

Sentensi ya katikati naipenda mpaka leo. Ina 不 mbili na 没 moja, kila moja mahali pake, na kosa zima linaonekana humo kwa maneno machache. Sikumwandikia mimi. Nilimwacha aitafute, na ilimchukua kama robo saa, kwa sababu kila alipofika kwenye 没 mkono ulisita: "Lakini mwalimu, hii si ya jana?"

Swali hilo ndilo lililonionyesha kosa lilianzia wapi.

Mzigo ulivyoishia

Muuzaji alijibu asubuhi yake: 没事 (méi shì), hamna neno. Toleo linalofuata lingechukua siku 20. Akauliza 你等不等? (Nǐ děng bu děng?), utangoja au hutangoja? Mwanafunzi wangu alishtuka kuona 不 tena, akadhani anakataliwa. Nikamweleza kuwa 不 ikikaa katikati ya kitenzi kilichorudiwa ni swali tu, na hutamkwa kwa wepesi. Akajibu 等, nangoja. Kurudishiwa pesa kungekula makato ya benki, na kutafuta muuzaji mpya kungekula siku zaidi ya 20.

Siku 20 zilizaa nyingine, kwa sababu ilibidi kungoja pia kontena la kuchangia. Mabegi yalifika Dar es Salaam shule zikiwa zimeshafunguliwa. Hadi mwisho wa Februari alikuwa ameuza 240. Yaliyobaki aliyatoa kidogokidogo kwa bei ya kusukuma. Hakupata hasara ya mtaji, lakini faida ya msimu ilipotea. Uhusiano na muuzaji haukuvunjika, na naamini ni kwa sababu ujumbe wa pili ulikiri kosa moja kwa moja.

Kosa lilikaa wapi

Ni rahisi kusema mwanafunzi hakuwa makini. Mimi nasema alikuwa makini mno. Aliifuata kanuni yangu sawasawa.

Iangalie "sijalipa." Ni ya jana? Sivyo. Mtu akisema sijalipa anazungumzia sasa hivi: hadi dakika hii malipo hayajatokea, na huenda yakatokea mchana. Mwanafunzi aliyeambiwa 不 ni ya leo na kesho, 没 ni ya jana, ataiweka sijalipa upande wa leo na kuchagua 不. Kanuni ilimpeleka shimoni hatua kwa hatua.

Ukweli ni kwamba Kichina hapa hakiulizi saa. 没 inahusu jambo kutokea: halikutokea, au halijatokea. 不 inahusu nia, mazoea na hali: sitaki, huwa sifanyi, sivyo. 我不去 ni siendi, sitaki kwenda, sitaenda. 我没去 ni sikwenda. Kwenye chakula tofauti hii haina utani. Mgeni asiyekula nguruwe akisema 我没吃猪肉 (wǒ méi chī zhūròu), amesema "sijala nguruwe," na mwenyeji mkarimu anaweza kumwekea kipande kwenye sahani. Anayotakiwa kusema ni 我不吃猪肉 (wǒ bù chī zhūròu), mimi sili nguruwe. Sasa naianza mada hii kwa mfano huo, maana hakuna anayeusahau.

Na hapa ndipo ninapojilaumu kweli. Kiswahili kina ngazi hizi tayari, nami nilizipita nikakimbilia kalenda. Chukua kulipa:

Silipi, sitalipa: 不付.
Sikulipa: 没付. Sijalipa: 还没付.
Usilipe: 别付.
Sina pesa: 没有钱, au kwa kifupi 没钱. Kitenzi 有, kuwa na kitu, hakikubali 不 kabisa.

Yaani mwenye Kiswahili akisikiliza silabi yake mwenyewe, -ku- na -ja- zinamwelekeza kwenye 没, kiishio -i na -ta- vinamwelekeza kwenye 不, na usi- kwenye 别. Mwanafunzi wangu hakuwahi kukosea kati ya silipi na sijalipa tangu utotoni. Nilimnyang'anya kitu alichokuwa nacho nikampa kibovu.

Tuje kwenye jibu lake la pili, 对,不付. Hapa alikuwa sahihi kabisa kwa namna ya kujibu, na usahihi ule ndio uliomalizia mambo. Sisi tukiulizwa "Hujalipa?" tunasema "Ndiyo, sijalipa," tunakubaliana na swali lilivyo. Kichina kinafanya hivyohivyo: 对 ni kukubali ukanushi. Kwa hiyo muuzaji alipata uthibitisho safi, usio na shaka. Angejibu ovyo, huenda mtu yule angeuliza mara ya tatu.

Kutuma ujumbe wa sauti kusingemwokoa pia. Silabi za Kichina hutamkwa kwa wimbo wa sauti nne. 不 ni sauti ya nne, ya kushuka, lakini ikifuatwa na neno la sauti ya nne hupanda na kuwa bú. 付 ni sauti ya nne. Matokeo yake bú fù na méi fù zina wimbo uleule, kupanda kisha kushuka. Kinachozitenganisha ni b na m na irabu inayofuata, kwenye simu, sokoni, na pikipiki zikipita.

Na 别人. Katika orodha ya zamani ya HSK, 不 na 没 zimo daraja la kwanza, 别 inakuja la pili, na 别人, watu wengine, daraja la tatu. Mwanafunzi wangu alikuwa amesimama hasa kwenye ule ufa: ana 别 ya kukataza mkononi, na hajawahi kuona 别 yenye maana ya "-ingine." Mahali hapo ni pa hatari kuliko kutojua kabisa, kwa sababu asiyejua 别 angeuliza.

Bado naona kosa kubwa kuliko yote halikuwa la neno lolote kati ya hayo. Hakuwa na sentensi ya kusema kwamba hajaelewa. Nilikuwa nimemfundisha kuhesabu, kupatana bei, kuuliza rangi. 我没看懂 (wǒ méi kàn dǒng), nimesoma sikuelewa, hakuwa nayo. Sasa inafundishwa wiki ya kwanza, kabla ya bei.

Baada ya hapo

Tulitumia wiki tatu kwa kazi moja. Alileta jumbe zake mwenyewe za Kiswahili, zile anazowaandikia wateja na vijana wa dukani: "mzigo haujafika," "leo sifungui," "usimpe mkopo," "hakuja kuchukua." Anapigia mstari silabi ya ukanushi, kisha anachagua neno la Kichina. Kwa jumbe za namna hiyo alipata karibu zote ndani ya jioni mbili. 货还没到, mzigo haujafika. 今天我不开门, leo sifungui. Alizisema kama mtu anayekumbuka.

Halafu njia mpya nayo ikaonyesha kasoro yake. Akaandika 我没知道, akitafsiri "sikujua" kwa kufuata -ku-. Kichina kinasema 不知道 hata kama ni jana, kwa sababu kujua ni hali, si tukio. Ni vivyo hivyo kwa 不是, 不想 na kwa sifa: jana sikutaka kwenda ni 昨天我不想去, na jana hali ya hewa haikuwa nzuri ni 昨天天气不好. Silabi ya Kiswahili inabeba wakati na ukanushi kwa pamoja, kwa hiyo -ku- inajitokeza hata pale ambapo hakuna kilichotokea. Tuliongeza swali moja baada ya kupiga mstari: je, hili ni jambo la kutokea? Kujua hakutokei, kulipa kunatokea. Swali hilo linasaidia, ingawa linampunguza mwendo, na kwenye mazungumzo ya haraka 没知道 bado inamponyoka.

Kosa jingine lilikuwa 了 (le), alama inayoonyesha jambo limekamilika. Akiulizwa 付了吗? alikuwa anajibu 没付了, anaibeba 了 kutoka kwenye swali. Jibu ni 没付, au 还没. Tukio likikanushwa kwa 没, 了 ya kukamilika inaanguka. Hilo halikutaka maelezo marefu, lilitaka kurudiarudia.

Lililomfurahisha zaidi ni tofauti ya 他没来 na 他不来 kwa jambo la jana. Ya kwanza ni hakuja, basi. Ya pili ni kwamba aliitwa akagoma. Alikuwa na kijana wa kupakia aliyekosekana siku ya mzigo, na muuzaji alitaka kujua kwa nini mabegi yalichelewa kuhesabiwa. Aliandika 他没来, akanionyesha, akasema, "Sikuandika 不, mwalimu, kwa sababu mtoto alikuwa anaumwa. Nisimsingizie."

Sasa tuko kwenye 不……了, kughairi: jambo nililokuwa nalitaka, silitaki tena. Kwenye oda ya mwaka huu aliandika 黑的不要了 (hēi de bú yào le), ya rangi nyeusi basi, siyahitaji tena. Kabla ya kutuma aliniuliza kama 没要 ingefaa. Nikamwuliza yeye. Akafikiri, akasema 没要 ni kana kwamba hakuwahi kuyaagiza, na aliyaagiza. Akatuma. Ankara iliporudi, mstari wa mabegi meusi haukuwemo.